Kasha la tamthilia ya Batman ya mwaka 1966: niitazame kwa mpangilio gani?

Mtazamaji wa Jioni:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Hatimaye nimelipata kasha la diski lenye tamthilia nzima ya Batman, ile ya Adam West (Batman) na Burt Ward (msaidizi wake Robin) iliyorushwa na televisheni ya ABC ya Marekani kuanzia Januari 1966 hadi Machi 1968. Utotoni nilibahatika kuona vipande vichache tu, kwenye kanda ambazo mjomba wangu alizirekodi alipokuwa masomoni Uingereza, na tangu hapo nilitamani kuiona yote. Sasa ninazo sehemu 120, lakini kila ninapotazama nyingi kwa mfululizo huwa nachoka, ingawa sehemu mojamoja hunifurahisha sana. Naomba ushauri wa mpangilio. Pia naomba kujua kama msimu wa tatu unastahili muda wangu, kwa kuwa wengi huusema vibaya, na kama picha hizi zimepakwa rangi upya kwa kompyuta, maana zinang'aa kiasi cha kunitia shaka.

Mzee wa Deki:

Ndugu Mtazamaji, uchovu huo unatokana na jinsi tamthilia yenyewe ilivyotengenezwa. Katika misimu miwili ya kwanza ilionyeshwa Jumatano na Alhamisi, na takribani kila kisa kiligawanywa usiku huo wa kwanza na wa pili. Sehemu ya kwanza humwacha Batman na Robin wamefungwa kwenye mtego fulani wa kutisha, kisha msimulizi, ambaye ni mtayarishaji William Dozier mwenyewe, huwahimiza watazamaji warudi kesho saa ileile na stesheni ileile. Baada ya hapo watu walikaa karibu wiki nzima bila kuona kitu. Ndiyo maana simu nyekundu ya Kamishna Gordon wa polisi, mtumishi Alfred anayeipokea, nguzo za kuteleza zilizofichwa nyuma ya rafu ya vitabu na gari linalochomoka pangoni havikumchosha mtu: vilisubiriwa kwa hamu. Ukiviona mara tano kwa usiku mmoja, utamu wake unakwisha. Ushauri wangu ni utazame sehemu mbili, yaani kisa kimoja kizima, kisha uzime deki.

Anza na kisa cha kwanza kabisa, ambacho adui wake ni Riddler wa Frank Gorshin, na umwangalie Adam West kwa makini. Anaingia kwenye ukumbi wa dansi usiku akiwa amevaa barakoa na joho lake lote, anaelekezwa meza, naye anajibu kwa upole kwamba atasimama kaunta kwa sababu hapendi kuvuta macho ya watu. Anaagiza maji ya machungwa, ambayo kumbe yametiwa dawa. Baadaye, Robin akiwa ametekwa, polisi anamwambia kwamba kwa hali yake hafai kuendesha gari, naye anatii sheria papo hapo. Hakuna hata mara moja West anapomkonyeza mtazamaji kumwambia kwamba haya ni mzaha. Watoto huona shujaa, wakubwa hucheka, na wote wanatazama uso uleule uliotulia. Kwangu mimi huo ni uigizaji mgumu kuliko wengi wanavyokubali, na husahaulika kirahisi kwa sababu wabaya wake wanapiga kelele nyingi.

Fundi Picha:

Nikujibu la rangi. Hakuna kilichobuniwa na kompyuta hapo. Tamthilia ilipigwa kwa filamu ya rangi ya milimita 35, ambayo inahifadhi mambo mengi kuliko televisheni za wakati ule zilivyoweza kuonyesha, na mapambo na mavazi yalichaguliwa makali kwa makusudi. Toleo la diski lilichelewa hadi Novemba 2014, kwa kuwa tamthilia ilitengenezwa na 20th Century Fox ilhali wahusika ni mali ya DC, kampuni ya vitabu vya katuni iliyo chini ya Warner, na pande hizo zilichukua miaka mingi kabla ya kuelewana.

Uangavu huo unafichua mambo ambayo watengenezaji walidhani hayataonekana. Msogelee yule adui Joker wa Cesar Romero: alikataa kunyoa masharubu yake, wakampaka rangi nyeupe juu yake, na leo unaweza kuyaona wazi juu ya mdomo wake. Tazama pia Batman na Robin wanapokwea ukuta kwa kamba. Ukuta ule ulilazwa sakafuni, kamera ikapinduliwa ubavu, na majoho yakavutwa kwa uzi ili yaonekane yananing'inia; ukikaza macho utaona joho linavyokakamaa. Kamera huinamishwa pia kila tunapoingia maficho ya wahalifu, kana kwamba chumba chenyewe kimepotoka kama mwenyeji wake.

Jambo moja la lazima: picha ile ni ya umbo la karibu mraba. Usiivute ijaze kioo. Acha pande mbili ziwe nyeusi. Na kama televisheni yako ina mpangilio wa kulainisha mwendo wa picha, uzime kabisa.

Binti Mkutubi:

Naomba niutetee msimu wa tatu. Ni kweli fedha zilipungua, na utaona vyumba vizima vimegeuzwa kuwa vipande vichache vya mapambo mbele ya giza. Ni kweli pia kwamba kipindi kilibaki siku moja kwa wiki, kwa hiyo visa vingi vinaharakishwa. Hata hivyo msimu huo ndio uliotuletea Yvonne Craig akiwa Batgirl, ambaye mchana ni mkutubi Barbara Gordon, na ndio uliotuletea Eartha Kitt.

Kitt alichukua nafasi ya Catwoman kutoka kwa Julie Newmar mwishoni mwa 1967. Mwanamke mweusi aliyezaliwa South Carolina akapewa mmoja wa maadui wakubwa wa tamthilia iliyopendwa, naye akaja na sauti ile ya kukoroma na ukali ambao Newmar hakuuhitaji, kwa sababu Newmar alitegemea huba. Utagundua kwamba yale mapenzi baina ya Catwoman na Batman hayaendelezwi kwa Kitt, na kwa Marekani ya wakati ule si vigumu kukisia sababu. Januari 1968, mwezi uleule ambao kisa chake cha mwisho kilikuwa bado kinaonyeshwa, alialikwa chakula cha mchana Ikulu, akasema mbele ya Lady Bird Johnson, mke wa rais, kwamba anapinga vita vya Vietnam, na kwa miaka kadhaa akakosa kazi nchini mwake. Kwa hiyo usiuruke msimu huu. Chagua visa vyake kwanza.

Mtazamaji wa Jioni:

Nawashukuru sana, na shikamoo Mzee. Nitafuata mtindo wa kisa kimoja kwa usiku. Je, filamu ya sinema ya 1966 niiweke wapi?

Mzee wa Deki:

Marahaba. Iweke katikati ya msimu wa kwanza na wa pili, kwa sababu ilitoka Julai 1966. Catwoman humo ni Lee Meriwether, na Joker, Penguin na Riddler wameungana naye. Helikopta na boti ya Batman ziliandaliwa kwa ajili ya filamu hiyo, nawe utaziona zikitumika tena kwenye msimu wa pili.