Siku ya 97 sijalipwa mayai yangu, na bado mnaniambia "ni kampuni kubwa, vumilia"

Wakenya wenzangu, leo ni siku ya 97. LPO, ile hati yao ya kuagiza mzigo, ninayo hapa mezani, imeandikwa malipo ni baada ya siku 30.

Napeleka mayai kwenye supamaketi moja, jina siitaji maana bado naitaka hela yangu. Kila nikienda ofisini kwao: "Mama, rudi Ijumaa, wa kusaini hundi hayupo." Ijumaa gani jamani? Mayai yale hayakumaliza hata wiki rafuni. Mteja alishayalipia kaunta siku nyingi. Mimi chakula cha kuku nalipa papo hapo, wa agrovet hataki hadithi.

Na hata hiyo hundi ikitoka, haitoki nzima. Wanakata ya mayai yaliyovunjika, ingawa yamevunjwa na vijana wao wakipanga trei. Wanakata ya ofa: wao ndio waliotangaza punguzo la wikendi, mimi ndiye ninayeligharamia! Wakifungua tawi jipya naombwa "kuchangia". Kwani ni harusi?

Sasa hili la ukubwa. Kubwa kuliko supamaketi ya Nakumatt? Ile ilianza kama Nakuru Mattresses, duka la magodoro la familia ya Shah, ikapanda hadi matawi zaidi ya 60 Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Watu tulikuwa tunaenda kutembea humo kama bustanini. Ila hesabu yake ndiyo hii hii inayonitesa. Bidhaa unachukua kwa mkopo, unauza kwa pesa taslimu leo, msambazaji unamlipa baadaye. Hapo katikati hela yake iko mkononi mwako, basi unafungulia tawi lingine, nalo unalijaza bidhaa za mkopo. Inakwenda vizuri mpaka siku mauzo yanapopungua. Wasambazaji wakagoma, rafu zikabaki tupu, wateja wakahama, wenye majumba wakaanza kuwatoa kwa kutolipa kodi ya nyumba. Januari 2018 mahakama ikaikabidhi kwa msimamizi. Januari 2020 wanaoidai wakapiga kura ifungwe kabisa. Matawi sita yaliyokuwa yamebaki yalinunuliwa na supamaketi nyingine, Naivas, kwa shilingi milioni 422, ilhali madeni yalikuwa zaidi ya bilioni 30. Piga hesabu mwenyewe. Na kwenye foleni ya kulipwa, benki zenye dhamana ndizo zinazotangulia. Wa maziwa na wa sukuma wiki wako nyuma kabisa.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Supamaketi ya Uchumi, iliyoanzishwa na mashirika ya serikali mwaka 1975, ilifunga milango 2006, ikafufuliwa, na kufikia 2015 ilikuwa inafunga maduka yake ya Uganda na Tanzania huku wasambazaji wakiifuata na ankara. Kisha supamaketi ya Tuskys ikaanguka vivyo hivyo. Hiyo nayo jina lake la kampuni ni Tusker Mattresses. Wote wawili magodoro, na sisi ndio tuliolala sakafuni.

Msiniambie niende kwa wakili. Sheria ya ushindani ilirekebishwa 2019, mnunuzi mkubwa anayekalia malipo ya msambazaji bila sababu ana kosa. Nimeisoma. Lakini nikilalamika watajua ni mimi, na hapo nani atanipa LPO nyingine? Wanajua hivyo. Ndiyo maana yule kijana wa ofisini ananijibu huku akichezea simu.

Kwa hiyo ninyi mnaopeleka maziwa, mkate, mboga: mnalipwa baada ya siku ngapi? Semeni hapa, hata bila kutaja jina la duka. Na mkiona rafu zimeanza kupangwa chupa za maji mstari mmoja tu mbele, nyuma hakuna kitu, msipeleke mzigo.

Kesho asubuhi wananisubiri na trei 120. Hazifiki. Nashusha kando ya barabara stejini, anayetaka alipe ndio abebe.