Naomba ushauri: kupanga ofisi katikati ya Port of Spain

Wakuu, salaam. Nipo Trinidad mwaka wa nne sasa, nafanya kazi za uhasibu nyumbani, na wateja wameanza kulalamika kunifuata mbali. Nimepata chumba Frederick Street, juu ya duka la vitambaa, si mbali na Independence Square. Pamechangamka kwelikweli, watu wanapigana vikumbo toka asubuhi.

Kinachonitia wasiwasi ni mkataba. Mwenye jengo anataka miaka mitatu na dipoziti ya miezi miwili, na kodi aliyonitajia mwanzoni kumbe haikuwa na VAT ya asilimia 12.5. Halafu pale chini ya ngazi nimeona ukutani alama ya maji, usawa wa kifundo cha mguu. Mji huu mvua kubwa ikikutana na bahari imejaa, maji hayana pa kwenda. Dalali anasema ni rangi ya zamani. Rangi gani ina matope?

Mliowahi kupanga ofisi mjini, naweza kudai kipengele cha kuvunja mkataba baada ya mwaka mmoja? Na mafuriko yakiniharibia makabrasha ya wateja, nani analipa? Siku za Carnival sizihesabu, najua hakuna kazi.