Meno ya Neema: kikundi cha familia, Uyole na Tukuyu

Mama Neema: Shikamoo Mama, na wengine habari za asubuhi. Neema ametimiza miaka 4 na bado ananyonya kidole gumba, hasa alfajiri baridi ya huku Uyole inapobana. Jana nilimwambia aume meno, nikaona magego yanakutana lakini ya mbele yanaacha uwazi unaopitisha ncha ya ulimi. Shemeji, hicho ni kidole au ndivyo alivyoumbwa?

Bibi Tukuyu: Marahaba mwanangu. Mpake pilipili kidoleni, ataacha.

Tabibu Amani: Shikamoo Mama. Pilipili tuiache, kwa sababu usiku atajifikicha macho. Shemeji, dalili hiyo ni ya kidole. Kinapokaa mdomoni huyazuia meno ya mbele yasikutane, huyasukuma ya juu nje na ya chini ndani. Ulimi nao hushushwa chini, na mashavu yakiendelea kubana, taya la juu huwa jembamba hata magego yake yakaangukia ndani ya yale ya chini. Anayenyonya dakika chache akisinzia si sawa na anayelala nacho mdomoni usiku kucha.

Mama Neema: Huyu analala nacho. Kidole chenyewe kimeota sugu.

Tabibu Amani: Basi tuanze sasa. Meno ya mbele ya ukubwani huota kwenye miaka 6 au 7, na tabia ikikoma kabla ya hapo, uwazi wa mbele mara nyingi hujifunga wenyewe. Wembamba wa taya ndio mkaidi, na mara nyingi huhitaji kifaa cha kulitanua.

Baba Juni, Mafinga: Mdogo wangu, na wa kwangu wa miezi 10 mwenye chuchu ya plastiki? Mama yake huichovya kwenye asali ili anyamaze.

Tabibu Amani: Kaka, asali ikome leo. Kwa mtoto asiyetimiza mwaka inaweza kubeba vimelea vya sumu ya hatari, na kwa meno yanayoota ni sukari tu. Chuchu yenyewe huharibu mpangilio wa meno vilevile, ila wewe una nafuu: unaweza kuificha, kidole hakifichiki. Ipunguze taratibu, na kabla ya miaka 3 iwe imekwisha.

Bibi Tukuyu: Na huyu wa Uyole tumfanyeje, kama si pilipili?

Tabibu Amani: Asichapwe wala kuchekwa, Mama, maana akiogopa atanyonya zaidi. Asifiwe asubuhi aliyoamka kidole kikavu, na usiku avalishwe soksi mkononi akikubali mwenyewe. Shemeji, mlete nimpime upana wa taya.

Bibi Tukuyu: Soksi za sufu ninazo. Nitampa anayepanda basi kesho.