Cisco Kafa, Bibi Hajalala

Kikundi: UKOO WA KIRUMBA NA WALIO MBALI
Jumamosi usiku, baada ya epsodi ya The Flash, sizoni ya shujaa mwenye mbio za ajabu

Doto 22:47
JAMANI

Doto 22:47
CISCO!!!

Kulwa 22:48
Doto kausha. Dada Neema yumo humu

Doto 22:48
_Ujumbe huu umefutwa_

Neema Dodoma 22:49
Umefuta nini sasa na nimeshasoma. Mimi niko epsodi ya 12. YA KUMI NA MBILI. Nina mtihani Jumatatu, nilikuwa najizawadia moja moja kama pipi

Kulwa 22:49
Pole dada. Usisome tena mpaka kesho

Neema Dodoma 22:50
Kafa kweli au kafa kisizoni?

Doto 22:50
Kafa kweli. Bosi wake Wells, yule mzee wa kiti cha magurudumu pale maabara, kamwingizia mkono kifuani, mkono unatetemeka kama mashine ya kusaga. Na analia huku anaua!!

Mama Kulwa 22:53
Kulwa na Doto. Sufuria ya ugali bado iko chini ya meza. Nimekaa kimya tangu saa mbili naona mnapiga kelele tu sebuleni na bibi yenu mmemkalisha macho.

Kulwa 22:53
Mama ni bibi aliyekataa kwenda kulala

Shangazi Sengerema 22:55
Ni kweli wifi, mimi shahidi. Nilikuja kwa kivuko cha mwisho nikidhani nakuja kupumzika, nimekuta nyumba nzima imeganda mbele ya runinga. Nikasema nikae dakika tano. Sasa roho inanienda mbio

Ba'mdogo Igoma 22:58
Mnaangalia nini huko?

Doto 22:58
The Flash ba'mdogo. Sizoni ya kwanza, epsodi ya 15. Ile ya wimbi

Ba'mdogo Igoma 22:59
Aah hiyo ya zamani, 2015 hiyo. Ilianza 2014 ikaisha 2023, sizoni tisa, epsodi 184. Na yule baba yake Barry (ndiye Flash wa sasa) aliyefungwa jela, yule mwigizaji ndiye aliyekuwa Flash mwenyewe kwenye sizoni ya mwaka 1990. Ndio maana walimpa

Shangazi Sengerema 23:00
Wewe unajua yote hayo na ada ya mtoto hujui inaisha lini

Ba'mdogo Igoma 23:00
😂😂 dada jamani, kwenye kikundi?

Fundi Jirani 23:02
Habari za usiku majirani. Naona mzigo wangu umefanya kazi. Nani mwingine alete fulashi, elfu mbili nakujazia mpaka inakataa

Kulwa 23:02
Fundi umetuwekea Flash kwenye fulashi lakini umekatia ya 15!! Ya 16 iko wapi?

Fundi Jirani 23:03
Fulashi yenu ni ya GB 8 na ina picha za kipaimara cha Doto 400. Nifute kipaimara?

Mama Kulwa 23:03
Usithubutu.

Shangazi Sengerema 23:06
Mimi nina jambo. Nimelishikilia tangu walipobusiana pale ufukweni. Yule Barry mama yake aliuawa yeye akiwa na miaka 11, baba akafungwa, akachukuliwa na yule askari Joe. Akalelewa nyumba moja na Iris. Chakula kimoja, sebule moja. Halafu leo wanabusiana?? Huyo si dada yake?

Kulwa 23:07
Shangazi hawana damu moja

Shangazi Sengerema 23:07
Kwani aliyekulea anakuzaa? Huku Usukumani mtoto aliyekulia kwenye uji wako ni wako. Angefanya hivyo hapa wazee wangekaa kikao hadi asubuhi, na mbuzi juu

Doto 23:08
Na Iris ana mtu wake, Eddie, wanaishi pamoja

Shangazi Sengerema 23:08
Ndiyo nasema!! Wimbi linakuja, linakaribia kuua mji mzima, wao wamekumbuka mapenzi. Lile wimbi lilitumwa

Mama Kulwa 23:10
Lakini alivyomfunulia kuwa ni yeye Flash. Kavaa lile vazi mbele yake kufumba na kufumbua. Hapo mimi nilisimama jikoni na mwiko mkononi.

Doto 23:10
Kumbe mama ulikuwa unachungulia 😂

Mama Kulwa 23:11
Sufuria.

Mjomba Kambini 23:19
Salaam wote. Shikamoo dada Mama Kulwa. Nimepanda juu ya jabali ndio napata mtandao. Mwezi mpevu, dagaa hawavuliki, tumelala kambini kama wafungwa. Nimesoma yote. Nani kaleta wimbi?

Mama Kulwa 23:20
Marahaba. Hujalala na wewe.

Kulwa 23:21
Shikamoo mjomba. Ni jamaa anaitwa Mark Mardon, ana nguvu za hali ya hewa. Mdogo wake aliuawa na Joe epsodi ya kwanza kabisa, sasa analipiza kisasi. Kainua maji yote yaje kuzoa mji. Barry ikabidi akimbie huku na huku kando ya maji, haraka mno, atengeneze ukuta wa upepo wa kulipunguza nguvu

Mjomba Kambini 23:23
Huku na huku kando ya maji?

Kulwa 23:23
Ndiyo

Mjomba Kambini 23:27
Haya. Mimi nimevua ziwa hili miaka 22. Mchana upepo unatoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku nchi kavu inapoa, maji bado yana joto, upepo unageuka, unatoka pande zote kwenda katikati ya ziwa. Unakutana pale. Ndipo mawingu yanapanda, ndipo radi. Ndio maana dhoruba zetu ni za saa nane za usiku na alfajiri, wakati dagaa wameshakusanyika kwenye taa. Huyo mtoto kama anaukimbiza upepo kwa miguu, basi anatengeneza dhoruba nyingine juu ya dhoruba. Wimbi unaliwekea uso wa mtumbwi, unalipanda. Ukilipa ubavu limekupindua

Doto 23:28
Mjomba kuna mtu ana miguu inayotoa umeme na wewe unauliza upepo 😂😂😂

Mjomba Kambini 23:28
Hizo mbio kazipata wapi?

Doto 23:29
Alipigwa na radi, akazimia miezi 9, alipoamka anakimbia

Mjomba Kambini 23:30
Ahaa. Huku ukipigwa na radi hupati mbio, unapata turubai na sufuria za kukodi

Ba'mdogo Igoma 23:30
😂😂😂😂 shemeji umeniua

Shangazi Sengerema 23:31
Toba

Mama Kulwa 23:34
Halafu kabla sijasahau, mchezo wa wiki hii ni zamu ya Mama Happy. Elfu kumi kumi. Ba'mdogo wiki iliyopita uliniambia Ijumaa, sikuuliza Ijumaa ya mwezi gani.

Ba'mdogo Igoma 23:35
Kesho shemeji. Naapa

Neema Dodoma 23:36
Mimi nimesoma yote. Nimeshindwa. Naombeni basi mnimalizie, wimbi lilizuiwa?

Kulwa 23:37
Sasa sikiliza dada. Alikimbia, akakimbia, mpaka akafungua njia. Akajikuta yuko barabarani, usiku, mbwa anabweka, watu wanapita kama vile hakuna kitu. Kumbe ni jana. Karudi nyuma SIKU MOJA

Neema Dodoma 23:37
Aisee!!

Doto 23:37
Kwa hiyo Cisco bado mzima!

Neema Dodoma 23:38
Kwa hiyo nimelia bure?

Kulwa 23:38
Na Iris hajui kuwa yeye ni Flash. Na hawajabusiana

Shangazi Sengerema 23:38
Afadhali. Mungu kaona aibu ile kaifuta

Bibi 23:44
_Ujumbe wa sauti, 0:41_

Doto 23:46
Namwandikia bibi kwa ajili ya walio na bando dogo. Anasema: "Mimi yule wa kiti nilimjua zamani. Mtu anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu viganja vyake vinaota sugu. Yule viganja laini kama karani. Niliwaambia mkasema bibi nyamaza."

Kulwa 23:47
Bibi kile kiti ni cha umeme, hasukumi kwa mkono. Halafu walishatuonyesha mwisho wa epsodi ya kwanza kwamba anatembea. Wewe siku hiyo ulikuwa kanisani

Bibi 23:49
_Ujumbe wa sauti, 0:06_

Doto 23:49
"Na umeme ukikatika?"

Fundi Jirani 23:50
😂😂😂 bibi apewe kazi pale maabara

Ba'mdogo Igoma 23:51
Lakini semeni ukweli, yule adui ni mzito. Alivyokuwa anamwambia Cisco kwamba amemfanya ajue kuwa na mtoto kunakuwaje. Halafu puu. Steringi wengi hawaigizi hivyo

Mama Kulwa 23:52
Hapo ndipo nilipouacha mwiko. Mtu anakulea, anakufundisha kazi, anakuita mwanangu, na siku ukigundua siri yake anakumaliza kwa upole. Watu wa hivyo wapo. Tusiende mbali.

_Kimya. Dakika sita._

Bibi 23:58
_Ujumbe wa sauti, 1:52_

Doto 00:01
Subirini

Doto 00:06
Bibi anauliza, yule kijana karudi siku moja tu, basi? Hawezi kurudi zaidi? Halafu amesema habari za dada yake wa Bukoba. Sijui niandike

Shangazi Sengerema 00:07
Andika mwanangu. Walio mbali hawana bando la kusikiliza

Doto 00:10
Anasema: "Dada yangu alipanda meli Bukoba Jumatatu jioni, tarehe 20 mwezi wa tano 1996. Alikuwa ananiletea ndizi, mikungu minne. Nauli nilimtumia mimi. Yeye alitaka kuja wiki ya pili yake, mimi nikamwambia njoo sasa nina hamu. Jumanne asubuhi nimekwenda bandarini kumpokea na kanga mpya begani. Mimi siombi miaka. Nikipewa hiyo siku moja ya huyo kijana, Jumatatu jioni niko gatini Bukoba, nimemshika mkono, tunarudi nyumbani kwa mama na mikungu yetu."

Mjomba Kambini 00:13
Naikumbuka ile Jumanne MV Bukoba ilipozama. Nilikuwa mdogo, Kirumba nzima ilishuka majini. Watu walikuwa wanasimulia kwamba mle ndani walisikika wakigonga chuma

Shangazi Sengerema 00:14
Mimi nilikwenda Igoma kwenye mazishi. Sijawahi kuona makaburi yamepangwa namna ile. Mpaka leo nikipita na daladala naangalia upande wa pili

Ba'mdogo Igoma 00:15
Mimi naishi hukuhuku Igoma dada. Huwezi kuangalia upande wa pili kila siku. Pole sana mama

Neema Dodoma 00:16
Bibi pole. Sikuwahi kujua nauli ulituma wewe

Kulwa 00:19
Bibi mimi niliona vipande vya ya 16 kwenye simu ya rafiki yangu. Sikutaka kusema. Yule Wells akishajua Barry amerudi nyuma anamwonya asibadilishe kitu. Anasema ukizuia balaa moja, wakati unatafuta lingine badala yake, tena linaweza kuwa kubwa zaidi

Mama Kulwa 00:20
Kulwa.

Kulwa 00:20
Mama nasema tu ilivyo kwenye sizoni

Bibi 00:22
_Ujumbe wa sauti, 0:14_

Doto 00:23
"Huyo anayesema hivyo si ndiye muuaji mwenyewe? Sasa nyie mnamsikiliza wa nini?"

Mjomba Kambini 00:24
😂 mama yangu

Shangazi Sengerema 00:24
Haki ya Mungu

Kulwa 00:25
Hilo sikuliwaza

Ba'mdogo Igoma 00:26
Na kweli. Mwizi akikwambia usifunge mlango, utaleta balaa

Mjomba Kambini 00:31
Ila jamani mimi hawa wa kuvaa nguo za kubana siwaelewi. Ile ndege iliyoangukia ziwani Bukoba, Novemba 2022, watu 43 ndani. Waliotangulia kufika ni wavuvi, na mitumbwi. Wakatoka hai 24. Hakuna aliyerudi nyuma siku moja, walipiga makasia tu

Doto 00:32
Lakini 19 walikufa mjomba. Barry angewatoa wote kabla maji hayajafika magotini

Mjomba Kambini 00:34
Hapo umenishinda. Angewatoa

Mjomba Kambini 00:34
Angewatoa kweli

Neema Dodoma 00:36
Jamani mimi naenda kulala, Jumatatu nafeli kwa ajili yenu. Nikifika ya 15 nitajifanya sijui kitu, nitalia upya

Fundi Jirani 00:38
Kulwa leta fulashi kesho asubuhi, nitakuwekea 16 mpaka 23, sizoni ya kwanza inaishia hapo. Kipaimara nitakihamishia kwenye kompyuta yangu, hakitapotea

Mama Kulwa 00:38
Kikipotea kipaimara na wewe utapotea.

Bibi 00:41
_Ujumbe wa sauti, 0:19_

Doto 00:42
Bibi anasema Kulwa njoo chumbani uchukue elfu mbili ya Fundi. Na ukirudi umletee betri mbili za redio, zile kubwa. Na mama, sufuria ameshaiosha yeye