Kufundisha msamiati wa Kiingereza wa michezo: "win" na "beat" zimenishinda

MwalimuChipukizi aliandika:

Ndugu walimu, salaam. Ninafundisha Kiingereza kwa watu wazima wa ngazi ya kati, wote wazungumzaji wa Kiswahili, na wiki iliyopita tulifika kwenye mada ya michezo na mashindano. Niliwapa orodha ya maneno 40 pamoja na tafsiri zake, wakayakariri vizuri, na katika zoezi la kuoanisha neno na maana karibu wote walipata alama za juu. Siku iliyofuata niliwaomba waandike aya moja kuhusu mechi yoyote waliyowahi kuitazama, na hapo ndipo nilipovunjika moyo. Mmoja aliandika "We won them", mwingine "They scored us two goals", na wa tatu, akitaka kusema kwamba mshambuliaji alipiga penalti, aliandika "The striker beat the penalty". Maneno wanayo, ila kila neno limekaa mahali pasipo pake. Je, nirudie orodha ile ile kwa mazoezi zaidi, au nianze upya kwa njia nyingine? Isitoshe, ninao wanafunzi wachache wasiofuatilia mchezo wowote, nao kipindi kizima walikaa kimya.

MfasiriMstaafu alijibu:

Mwalimu mwenzangu, usirudie orodha, kwa sababu orodha yenyewe ndiyo iliyozaa makosa hayo. Ukiandika kwamba "win" ni kushinda na "beat" nayo ni kushinda, mwanafunzi ana haki ya kuyachukua maneno hayo kuwa ni ndugu wanaoweza kubadilishana nguo. Kitenzi chetu kina mikono miwili: tunashinda mechi na tunawashinda wapinzani. Kiingereza kimegawa kazi hiyo. Baada ya "win" huja mechi, mbio, medali au kombe. Baada ya "beat" huja mtu au timu. Kwa hiyo ni "We won the match", lakini "We beat them". Neno "defeat" hufuata njia ya "beat", ila lina urasmi zaidi na hupendwa na waandishi wa magazeti. Upande wa walioshindwa, mechi hukaa moja kwa moja baada ya "lose", ilhali mpinzani huhitaji "to" mbele yake: "We lost the match", kisha "We lost to them".

Kosa la penalti lina chanzo chake, na nakiri lilinichekesha kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kulifanya nilipokuwa mwanafunzi. Sisi tunapiga kila kitu: tunapiga kona, tunapiga penalti, tunapiga pasi, tunapiga chenga. Mwanafunzi akishakumbuka kwamba kupiga ni "beat", hana sababu ya kusita. Mfundishe kwamba kona na penalti huenda na "take", kwamba pasi ina kitenzi chake chenyewe, "pass", na kwamba kumpiga mtu chenga ni "dribble past". Kufunga nako ni hivyo hivyo. Sisi tunafunga goli na tunaifunga timu. Kiingereza hukubali "score a goal", lakini timu haiwi "scored" hata kidogo, bali huwa "beaten", au goli hufungwa "against" yake. Mimi ningefuta safu ya tafsiri kabisa, na badala yake ningeandika kila kitenzi pamoja na jirani yake wa kulia.

Kalamu_na_Filimbi alijibu:

Ninakubaliana na aliyetangulia kuhusu jirani wa kulia, ingawa sidhani kwamba maelezo peke yake yatatosha; mwanafunzi anahitaji kulitumia neno mara nyingi katika muda mfupi bila kuchoka. Chombo ninachokitegemea ni msimamo wa ligi. Chora ubaoni jedwali la timu nne za kubuni, lenye safu za P (mechi zilizochezwa), W (ushindi), D (sare), L (kupoteza) na Pts (pointi), kisha acha nafasi kadhaa wazi. Tuseme timu ya kwanza imecheza mechi 5, imeshinda 3, imetoka sare 1 na imepoteza 1. Kwa kuwa ushindi katika soka huleta pointi 3 na sare pointi 1, ina pointi 10. Mwanafunzi mmoja anashika jedwali lenye nafasi hizi, mwenzake anashika lenye nafasi zile, nao wanaulizana hadi majedwali yote yajae, pasipo kuonyeshana karatasi. Sentensi zinazotoka ni kama "They've played five, won three, drawn one and lost one", na bila kutangaza somo la sarufi utakuwa umepitisha "draw, drew, drawn" na "lose, lost, lost". Angalieni kwa makini "beat": wakati uliopita nao ni "beat", na "beaten" huja tu pale inapohitajika.

Fundisha pia namna ya kutaja matokeo kwa sauti, kwa maana hakuna orodha inayosaidia hapo. Mbili bila katika soka, hasa kwa Kiingereza cha Uingereza, ni "two-nil", ilhali katika tenisi bila huitwa "love".

MwalimuWaJioni alijibu:

Naomba kutofautiana kidogo. Nyote mmejibu kana kwamba michezo ni soka tu, na wale wanafunzi waliokaa kimya mmewaacha benchi. Mada ni michezo na mashindano, na mashindano yapo pia katika sataranji, katika uchaguzi na katika kuwania kazi. Vitenzi ni vile vile: mgombea naye "wins an election" na "beats" mpinzani wake. Mwanafunzi asiyejua kuotea ni nini anaweza kueleza mchezo wa karata wa nyumbani kwao kwa "It's your turn", "You're out" na "Whoever gets rid of their cards first wins", na hapo hatakuwa na sababu ya kunyamaza.

Jambo lingine ni uwanja. Neno letu hili moja, kwa Kiingereza, ni "pitch" kwenye soka, "court" kwenye tenisi na mpira wa kikapu, na "course" kwenye gofu. Refa wa soka na ndondi ni "referee", lakini wa tenisi na kriketi ni "umpire". Haya hayahitaji kipindi kizima. Picha tano zinatosha.

MwalimuChipukizi aliandika:

Ahsanteni sana. Jana nilijaribu jedwali la ligi, na kwa wasiopenda soka nikatengeneza jingine la mashindano ya sataranji. Yule wa penalti alisema "They beat us, so we lost to them" bila kusita, kisha akaniuliza kwa nini basi sare haina mpigaji. Nilimjibu kwamba baada ya "draw" mpinzani huja na "with". Kosa lililobaki ni "lose" kuandikwa "loose", ambalo nimelibandika ukutani kwa herufi kubwa.