Jiko ghorofani kwenye nyumba ya zamani Mji Mkongwe, sakafu ya boriti itahimili?

BintiKiponda

Asalaam aleikum wadau. Naomba msaada kwa yeyote aliyewahi kutengeneza jiko kwenye nyumba za zamani za mjini, nasema hizi za mawe na chokaa, si za matofali. Nyumba yetu iko Kiponda, ni ile aina ya duka chini makaazi juu, hati yake ya kabla ya Vita vya Pili lakini wazee wanasema kuta zina umri zaidi ya hapo. Jiko la asili liko chini uwani, mama kapikia huko kuni na makaa miaka yote, ila skuhizi magoti hayampi kupanda na kushuka zile ngazi na yeye hataki kupikiwa, anasema akiacha kuingia jikoni mwenyewe ndo basi tena. Kwa hiyo tumekubaliana jiko lipande ghorofa ya kwanza, chumba cha nyuma kinachotazama uwani, upana hata mita tatu hakifiki, urefu nne na kidogo.

Fundi tuliyemleta anataka amwage zege la unene wa sentimita kumi juu ya sakafu iliyopo halafu taili, kaunta ya zege yenye granaiti, kuta zote lipu ya simenti maana hii ya chokaa inatoa unga, na tangi la lita elfu moja juu ya dari lishushe maji jikoni. Bei yake nzuri na kazi anasema haichukui muda. Lakini mie moyo haujatulia. Mtu akipita katikati ya chumba nasikia sakafu inacheza, na chini dukani kuna mpangaji na watoto wake wanashinda pale. Nambieni ukweli, ndo inavyofanywa hivi? Na kama sivyo nifanyeje, maana jiko mama lazima alipate.

FundiChokaa

Waaleikum salaam dada. Usimpe huyo hata pesa ya mchanga.

Zege mita moja ya ujazo ni kama tani mbili na nusu kasoro kidogo. Senti kumi kwenye chumba chako cha mita za mraba kumi na mbili ni karibu tani tatu, bado taili, bado kaunta, bado watu. Na sakafu yenyewe tayari ni nzito, pale chini ya miguu yako kuna mawe ya matumbawe yamepangwa juu ya boriti halafu chokaa na kokoto zimetwangwa juu yake. Boriti ni mikoko, na mti wa mkoko ukishapita kiasi cha mita tatu hivi unaanza kupinda, ndo maana vyumba vya mji mzima vyembamba namna ile, jengo lote limepimwa kwa mti. Waliojenga walijua ule mti unabeba nini, hawakumhesabia mtu wa kuja kumwaga zege juu yake.

Ila uzito si adui wa kwanza, adui wa kwanza ni maji. Nyumba nyingi zilizolegea mjini humu ukifuatilia utakuta juu palitiwa choo au jiko baadaye, paipu ikavuja taratibu ndani ya sakafu, maji yakatembea mpaka kwenye ncha za boriti zilizoingia ukutani, na pale hakuna hewa, mti unaoza na mchwa anaukuta laini. Kwa chini huoni kitu kwa sababu dari imepakwa chokaa nyeupe safi. Unaona siku imeshuka.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua hata rangi ya kabati, chukua bisibisi na ngazi, ingia dukani kwa mpangaji wako, piga boriti moja moja karibu na ukuta. Ikilia kavu nzuri. Ikilia tupu au bisibisi ikazama, hiyo haifai. Fanya hivyo halafu rudi hapa tuendelee.

Mjenzi_Dar

Samahani kaka lakini mnawatisha watu. Mimi ni mtu wa ujenzi, hizo boriti zina miaka mia, kwa nini mtu aendelee kuweka viraka? Toa sakafu yote ya zamani, simamisha mkanda wa zege ukutani, mwaga slebu ya senti kumi na tano yenye nondo, umemaliza habari ya mchwa na kuoza. Na kwa hesabu yako mwenyewe ile sakafu ya mawe na chokaa ni nene, uzito wake haupishani sana na slebu. Mama atapata jiko la kudumu.

FundiChokaa

Hapo kwenye uzito umesema kweli, sakafu ya zamani ikiwa nene inaweza kulingana na slebu yako. Tatizo liko kwenye kuitoa. Zile boriti zinabeba sakafu na pia zinazishika kuta mbili zisiachane. Ukizitoa zote kwa pamoja ukuta wa zaidi ya nusu mita, uliojengwa kwa mawe madogo na chokaa laini, unabaki umesimama peke yake, na mjini humu ukuta huo mara nyingi ni wako na wa jirani. Halafu ili mkanda wako ukae itabidi uchonge mfereji kwenye ukuta huohuo urefu mzima. Simenti ni ngumu haipindi, chokaa inatembea kidogo kila mwaka na joto na mvua, vikikutana ufa unakwenda upande wa chokaa.

Sisemi haiwezekani popote, kuna majengo yametiwa vyuma na zege na yamesimama, lakini hiyo ni kazi ya mhandisi na kuta zimeegemezwa, si ya fundi wa kupima kwa macho. Sote tuliona Beit al-Ajaib, jumba la sultani la hapa mjini la 1883, sehemu yake ilivyoporomoka Disemba 2020 na watu wakafa. Na lile lilikuwa limezungukwa na wataalamu.

MwanaKibokoni

Salamu kutoka Mambasa. Sisi twaishi Mji wa Kale, nyumba ni dada ya hizo zenu, na jiko letu liko juu, kwa hivyo dadangu usikate tamaa, yawezekana kabisa na mamako atapika.

Alotutengezea alikuwa mzee wa kazi na jambo la kwanza alilofanya ni kukataa kaunta ya zege. Alituwekea meza za mbao ngumu zenye miguu, zimesukumwa zikagusa ukuta wa nje pale boriti zinapoingilia, katikati ya chumba pakabaki peupe, kwa sababu mti huinama katikati si kwenye ncha. Juu ya meza ya sinki akaweka stenlesi, kwengine mbao tupu twapaka mafuta. Granaiti ya senti tatu ni kama kilo themanini kwa mita ya mraba, mimi naliipenda lakini alipotwambia hizo kilo nikanyamaza.

La pili, chini ya sinki hatuna kabati. Pako wazi, paipu zote zaonekana, na chini kuna trei ya bati imekunjwa kingo ikitoka na mpira mdogo hadi nje. Pakivuja hata tone mwaona siku ileile. Wageni huuliza mbona hamkufunika, nami huwambia hapo ndipo penye usalama wa nyumba yote. Hizi kabati za bodi za kubandika ukutani kwa nyumba zetu ni hasara, ukuta wa chokaa wapumua unyevu na bodi yavimba, na screw haishiki vyema kwenye tumbawe.

Kutwanga pia, kinu tulikishusha uani. Mchi ukipigwa juu ya boriti nyumba nzima yasikia, na chokaa ya dari yadondoka kwa walio chini. Mbuzi ya kukunia nazi haina neno.

BintiKiponda

Mmenipa nguvu wallahi. Nimeingia dukani na bisibisi kama alivyosema FundiChokaa. Boriti karibu zote zinalia kavu ila mbili za pembeni, upande ule ambao zamani ilikuwa bafu la juu, bisibisi imeingia mpaka nusu. Mpangaji mwenyewe kashtuka. Fundi wa zege nimemshukuru tumeachana kwa wema.

Sasa naomba mniongoze, hizo mbili zinabadilishwaje? Maji tutayapata vipi kama tangi haliwezi kupanda, maana ya ZAWA, mamlaka ya maji, yanakuja kwa kubahatisha? Na mtungi wa gesi uwekwe wapi? Mama hajawahi kutumia gesi, anaiogopa.

Spaki_Vuga

Mie ni wa umeme ntasema la kwangu tu. Usikubali mtu achimbe ukuta kuficha waya, ukuta wa chokaa una unyevu na chumvi ya bahari na kila mfereji unaochimba unaudhoofisha. Pitisha juu ya ukuta kwenye paipu za plastiki, zikipangwa vizuri hazichukizi. Soketi za jikoni waya wa milimita 2.5 wenye laini yake peke yake kutoka kwenye boksi, birika la umeme tu linakula wati elfu mbili, sasa ukichanganya na friji kwenye waya wa enzi za babu unapika waya. Boksi litiwe ile breka inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30, na ethi, yaani waya wa ardhini, ipimwe, usiambiwe tu ipo. Soketi mbali na sinki.

Gesi: mtungi ukae nje, kwenye roshani au uwani, paipu ipite ukutani. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala chini sakafuni na kushuka ngazi, na wewe chini una duka lenye watu. Kwa hiyo dirisha la juu peke yake halitoshi, pawe na tundu usawa wa sakafu linalotoka nje. Mama muonyeshe kupaka povu la sabuni kwenye maungio, akiona mwenyewe hakuna viputo moyo utatulia.

FundiChokaa

Ahsante Spaki, hilo la tundu la chini wengi hawalijui.

Dada, boriti mbili ni kheri kubwa, umeshtukia mapema. Hazing'olewi zikaacha pengo. Kwanza chini dukani zinasimamishwa nguzo na ubao wa kupokea, mpangaji atahama hapo kwa muda, halafu mti mpya unapitishwa ubavuni mwa ule mbovu, unaingizwa ukutani pande zote, ndipo ule mbovu unakatwa. Mmoja ukishakamatwa ndo unaguswa wa pili. Mikoko skuhizi si ya kukata ovyo kwa hiyo tumia mbao ngumu iliyotiwa dawa, na ncha inayoingia ukutani iachiwe nafasi ya hewa, isizibwe kwa simenti. Hilo bafu la zamani hakikisha paipu zake zimekufa kweli, nimeshakuta bomba la zamani bado lina maji ndani ya ukuta na wenye nyumba wanalaumu mvua.

Maji, tangi likae chini uwani juu ya ardhi. Lita elfu ni tani moja kamili, hiyo haina kazi juu ya boriti. Tia pampu ndogo ipandishe, na juu uwe na ndoo ya akiba yenye mfereji wa kufungulia maji, lita hamsini, kwa siku umeme ukikatika. Maji machafu yatoke moja kwa moja kupitia ukuta wa nje na kushuka kwa paipu ya nje inayoonekana, yasitembee hata hatua moja ndani ya sakafu.

Sakafu iache ilivyo, ziba nyufa kwa chokaa, na pale penye sinki tu weka ile trei ya MwanaKibokoni. Kuta ng'oa simenti yoyote iliyopo mpaka jiwe, kisha lipu ya chokaa moja kwa mchanga tatu, mchanga usiwe wa pwani maana una chumvi, tabaka nyembamba nyembamba, na kila tabaka linyunyizwe maji lisikauke haraka. Malizia niru, yaani tabaka la mwisho la chokaa laini. Chokaa iwe imerowekwa wiki nyingi, ya mfuko iliyofunguliwa jana inatoa unga huohuo unaoulalamikia.

Kibali lazima, nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe na mchoro hata wa mkono kabla hujagusa boriti, na kama mna ubia kwenye hati wote watie saini mapema. Usianze kabla ya masika, kipupwe ndo wakati wake, Juni mpaka Agosti, chokaa inakauka taratibu bila jua kali. Kabla ya hayo yote, kagua bati la juu na mifereji ya paa, ikivuja hiyo hata ukijenga jiko la dhahabu maji yatashuka palepale.