Baba mdogo alifia kwenye nusu kaputi, mdogo wangu anatakiwa kupasuliwa. Tuseme?

Mleta mada: Wakuu habarini. Baba mdogo alifariki akifanyiwa operesheni ya ngiri, tulichoambiwa mwili ulichemka ghafla ukakakamaa basi. Sasa mdogo wangu anatolewa kidole tumbo, tuwaambie madaktari au tutaonekana wasumbufu?

Mtu wa thieta: Pole sana mkuu. Mwambieni mtu wa usingizi SASA HIVI msisubiri aulize. Inaweza kuwa malignanti haipathemia, ni ya kurithi, mzazi akiwa nayo kila mtoto ana nusu kwa nusu kuipata, na mtu anaishi nayo poa tu mpaka akutane na gesi kama halotheni, isoflureni, sevoflureni au sindano ya saksa (saksamethoniamu, ya kulegeza misuli). Hapo kalsiamu inamwagika ndani ya misuli, misuli inakaza haiachii, tindikali na potasiamu vinapanda kwenye damu moyo unaweza kusimama.

Kijana wa Moro: Kumbe unapima joto tu unajua?

Mtu wa thieta: Hapana ndugu, joto mara nyingi linachelewa. Kabla yake utaona kabonidayoksaidi inapanda kwenye mashine hata ukiongeza kupumulisha, mapigo yanakimbia, taya limekaza baada ya saksa, mkojo mweusi unakuja baadaye. Unafunga gesi unaita watu, oksijeni asilimia 100, unampoza, na dawa yake dantrolini miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, unarudia mpaka atulie. Kichupa cha kawaida ni miligramu 20 tu na kinachanganywa na mililita 60 za maji ya sindano, mgonjwa wa kilo 70 dozi ya kwanza vichupa 9, mtu mmoja hawezi kuchanganya huku anamhudumia mgonjwa. Ulizeni kabisa kama hospitali inayo.

Dada Mkubwa: Huu ugonjwa wenyewe ulijulikana kwa sababu mgonjwa alisema. Melbourne, Australia 1960, kijana kavunjika mguu akawa anaogopa usingizi kuliko mguu maana ndugu zake 10 walikufa baada ya kupewa etha, dawa ya usingizi ya zamani. Wakampa halotheni akabadilika, wakaizima wakampoza kwa barafu akapona.

Mleta mada: Asanteni jamani. Ila huyu mdogo wangu alishawekwa nusu kaputi utotoni akaamka vizuri tu

Mtu wa thieta: Hiyo haimtoi hatarini, wapo waliopita salama mara kadhaa ikaja kuwapata baadaye. Kuna sindano ya ganzi ya mgongo, na dawa za usingizi za sindano kama ketamini na propofoli, hizo haziamshi hii kitu. Na baba yenu naye aseme siku akihitaji operesheni.